Mama mkwe alibonyeza wali akanyamaza: je, nimwambie jirani yangu ukweli?

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa jijini Mbeya, nina miaka 35, nimeolewa na nina watoto wawili. Mume wangu anafanya kazi Tunduma na hurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Naomba usitaje mtaa wangu hata kama utaufahamu, kwa sababu jambo ninaloliandika linamhusu jirani ambaye simtakii mabaya hata kidogo.

Mtaani kwetu kuna mgahawa mdogo wa meza sita, wenye ubao nje ambao huandikwa kwa chaki kila asubuhi. Mwenye mgahawa ni mjane anayelea watoto watatu. Hapa nitamwita Mama J. Tunasali kanisa moja na tuko kikoba kimoja. Mwezi wa pili mwaka huu alikopa shilingi 1,800,000 katika kikoba chetu ili anunue jiko kubwa la gesi na friji, na mimi ni mmoja wa wadhamini wake wawili. Marejesho anayaleta, ila mwezi uliopita alichelewa siku kumi na moja.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita mama mkwe wangu alikuja kutoka Kyela pamoja na shangazi ya mume wangu. Asubuhi hiyo nilikuwa na kikao cha walimu kilichokwisha saa sita, nikatoka shuleni moja kwa moja kwenda kuwapokea stendi ya Nane Nane. Kwa kuwa nyumbani sikuwa nimepika chochote, niliona ni heshima kuwapitisha kwa Mama J. wale chakula cha moto kabla ya kupumzika. Ndani ya bajaji niliwasifia sana mgahawa huo. Niliwaambia kwamba leo watakula wali ambao hawatautofautisha na wa kwao.

Tuliketi saa saba na robo. Maji ya kunawa yaliletwa ya baridi, katika mwezi ambao hapa kwetu hata maji ya bomba hutia ganzi vidole. Binti anayehudumia alikuja mara mbili kutuambia kwamba chakula kinakuja, na kilipofika ilikuwa imetimia saa nane na dakika ishirini. Wali ulikuwa vuguvugu, umekauka kwa juu kama uliochotwa zamani ukasahaulika. Maharage yalikuwa magumu kiasi kwamba nilisikia yakivunjika kinywani mwa shangazi. Kuku alikuwa na mchuzi wa moto, lakini nilipofika karibu na mfupa nikakuta nyama ya baridi kabisa.

Sasa nikueleze kitu ambacho hakinitoki akilini. Ubaoni palikuwa pameandikwa "Wali wa Kyela". Mama mkwe analima mpunga huko huko Kyela, na chini ya kiti chake siku hiyo palikuwa na kiroba cha mchele wa mavuno ya mwaka huu alichotuletea sisi. Alichukua punje chache kwa vidole viwili, akazibonyeza, akazisogeza puani, kisha akazirudisha ukingoni mwa sahani na kugeukia barabarani. Hakusema neno. Alikula kipande cha kuku na matonge mawili au matatu, akasema, "Nimeshiba, mwanangu."

Wakati wa kulipa, kuku na wali vilivyoandikwa shilingi 5,000 vikawa 6,500 kila sahani, na binti akasema bei ya ubaoni ilikuwa ya wiki iliyopita. Nililipa. Mama J. akatoka jikoni akijifuta mikono kwa khanga, akauliza, "Mwalimu, wageni wamekula vizuri?" Nami mbele ya mama mkwe wangu nikajibu, "Vizuri sana, Mama J., asante." Mama mkwe akaniangalia. Ni mara moja tu, lakini aliniangalia.

Wamekaa kwangu siku nne, wakaondoka salama, hakuna aliyeumwa tumbo. Mume wangu aliponipigia simu akitaka kujua mama yake alikula nini siku ya kwanza, nilimwambia tulikula vizuri. Baadaye akaniambia kwamba mama hakutaja chakula hicho kabisa, na hilo ndilo linalonitesa, kwa sababu mama huyu kwa kawaida husimulia kila alichokula.

Lingeishia hapo ningelimeza. Tatizo ni kwamba mwezi wa tisa shule yetu ina mahafali ya darasa la saba, wageni wapatao 120, na mimi ni katibu wa kamati ndogo ya chakula. Mama J. amenijia mara mbili akiniomba nimpigie debe apate kazi hiyo. Amenieleza wazi kwamba akiipata atamaliza deni la kikoba kwa mkupuo. Kamati inakaa katikati ya mwezi wa saba.

Nikimwambia ukweli, ataniuliza kwa nini siku ile nilisema ni kizuri, na tena ataona ninamkandamiza akiwa mjane. Nikimpigia debe na mahafali yakaharibika, aibu ni yangu na ya shule. Nikinyamaza na kazi ikaenda kwa mwingine, atasikia kwamba nilikuwemo kamatini na sikumtetea, na akishindwa kulipa deni, hisa zangu ndizo zitakazokatwa. Nimefikiria hata kuacha kupita mbele ya mgahawa wake. Nishauri mama, nifanyeje?

Mwalimu, Mbeya

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako jioni nikiwa peke yangu, kisha nikairudia asubuhi, kwa sababu ndani yake kuna mambo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja, nami niliogopa kuyajibu kana kwamba ni jambo moja. Kuna mlo ulioharibika mbele ya mtu unayemheshimu. Kuna neno "vizuri sana" ulilolitamka na ambalo sasa linakubana. Halafu kuna kazi ya mahafali pamoja na deni la kikoba, ambavyo vimefanya mlo wa Jumamosi moja uwe na uzito kuliko ambao ungekuwa nao. Nadhani sehemu kubwa ya mateso yako inatokana na kuyabeba yote kwa pamoja kila unapopita mbele ya ubao ule wa chaki.

Niruhusu nianze na mama mkwe, maana nahisi ndiye aliye moyoni mwako kuliko kamati na kuliko hisa. Umechukulia kwamba ukimya wake ulikuwa hukumu juu ya chakula, au juu yako kwa kumsifia jirani kupita kiasi. Inawezekana. Lakini mimi pia ni mama mkwe, na nilipofika mahali ulipoandika kuhusu kiroba kilichokuwa chini ya kiti nilisimama kwa muda. Mwanamke huyu amelima, amevuna, amekoboa, amefunga, amepanda gari kutoka bondeni mpaka huku baridini akiwa na mchele wake mwenyewe, na tonge la kwanza analolila mjini kwa mwanawe ni la mchele wa kununua, kwenye meza ya kulipia. Wazee wetu walisema mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza, na walimaanisha mchele unaotoka katika chungu cha mwenyeji. Sikulaumu hata kidogo. Ulitoka kikaoni, ulikuwa umechoka, na ulitaka wale mapema. Ninachokuuliza ni hiki tu: una uhakika gani kwamba kilichomnyamazisha ni ugumu wa maharage? Huenda hata kama wali ule ungekuwa wa moto na wenye harufu yake, bado angeyaangalia magari barabarani. Huenda pia alinyamaza kwa sababu aliona umeaibika na hakutaka kukuongezea, na mtazamo ule mmoja ulipojibu "vizuri sana" ulikuwa wa kukuhurumia. Wewe uliyekuwepo unaujua uso wake, mimi siujui. Hata hivyo umeandika kwamba amekaa kwako siku nne, na katika siku hizo zote hukumwambia, "Mama, siku ile chakula kilinisikitisha, nisamehe." Neno hilo lingali linawezekana kwa simu leo usiku, na halimgusi Mama J. popote. Hatari yake ni ndogo, ingawa ipo: anaweza kukuambia kitu kuhusu siku hiyo ambacho hukutegemea kukisikia.

Nije kwa mlo wenyewe. Nilitamani uniambie jambo moja ambalo halimo katika barua: umekula kwa Mama J. mara ngapi kabla ya Jumamosi hiyo, na mara hizo chakula kilikuwaje? Mtu hasifii mgahawa ndani ya bajaji kwa bahati mbaya. Ulimsifia kwa sababu uliwahi kula ukaridhika. Kama ndivyo, mgahawa huo una siku nzuri na siku mbaya, na swali linakuwa ni nini kilichobadilika, na lini. Mimi nimelelewa Njombe, ambako ni baridi kuliko kwenu, na mama yangu alikuwa akiinjika maharage kabla hapajapambazuka ili tuyale saa saba. Nilikuwa nikidhani ni ukali wa mazoea yake mpaka nilipokuwa mkubwa nikaelewa sababu. Kadiri mnavyoishi juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi: Mbeya, iliyo kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka yakiwa na nyuzi takriban 94, wakati Kyela, kule chini karibu na ziwa, yanakaribia 98. Sufuria inatokota vile vile, mvuke ni ule ule, lakini punje ya maharage haijui kutokota, inajua joto tu. Huku juu lazima yalowekwe usiku kucha na yakae motoni muda mrefu zaidi, na yakiwa yamehifadhiwa kwa miezi mingi huwa magumu zaidi.

Kwa nini ninakueleza haya yote ndani ya barua ya ushauri? Kwa sababu umesema Mama J. alinunua jiko la gesi mwezi wa pili. Aliyezoea mkaa huacha sufuria ya maharage juu ya makaa yanayofifia tangu alfajiri bila kuhesabu gharama ya kila dakika. Aliyehamia gesi anaona mtungi ukipungua, na mkono wake huenda kwenye swichi kabla ya wakati. Taifa limejiwekea lengo kwamba kufikia mwaka 2034 Watanzania 80 kati ya kila 100 wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na mimi ninalipenda lengo hilo, maana nimeona macho ya mama yangu yalivyoharibiwa na moshi. Lakini mpishi anayehama kutoka mkaa kwenda gesi anahitaji pia kujifunza upya kupika maharage, na aghalabu hakuna anayemfundisha. Sufuria ya presha, ambayo hupandisha joto kuvuka nyuzi 100 hata huku kwetu, ingeweza kumwokoa. Sisemi kwamba ndilo lililotokea. Nasema kwamba inawezekana kabisa ulichokula siku ile ni matokeo ya mkopo ule ule ulioudhamini kwa nia njema, na kwamba yeye mwenyewe hajui, kwa sababu wateja wake wote ni majirani na majirani wote husema "vizuri sana".

Kuhusu wali, sina uwezo wa kujua kilichokuwa kwenye sahani. Mchele wa Kyela una jina, na kitu chenye jina huchanganywa na kisicho na jina njiani, mara nyingi kabla hakijamfikia anayekipika. Mama J. anaweza kuwa amenunua sokoni Mwanjelwa gunia lililoandikwa Kyela na akaliamini. Anaweza pia kuwa amebadilisha mchele kwa sababu ya bei akaacha ubao kama ulivyokuwa. Huo ubao, kwa hakika, unanipa mashaka kuliko wali wenyewe. Mchele ulioandikwa Kyela na bei iliyoandikwa 5,000 vyote vilikuwa ubaoni, na cha pili tunajua hakikuwa sahihi siku hiyo. Mtu mwenye meza sita akiacha kuufuta ubao wake kila asubuhi, kama ilivyokuwa desturi yake kwa maelezo yako, mara nyingi amechoka. Kuchelewa marejesho siku kumi na moja, binti kuja mara mbili kusema kinakuja, maji ya kunawa yasiyopashwa moto mwezi wa sita: mimi naona mwanamke aliyelemewa, pengine amepungukiwa msaidizi jikoni. Labda ninakosea. Wewe uko jirani naye, mtazame.

Kuku ndilo jambo ambalo sipendi lipite kama mengine. Wali kukauka ni hasara ya ladha. Kuku mwenye mchuzi wa moto na nyama ya baridi mfupani ni kuku aliyepikwa mapema, akawekwa, kisha akamwagiwa mchuzi wa moto au akapashwa harakaharaka bila moto kufika ndani, na hapo tumetoka kwenye ladha tumeingia kwenye afya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, kinachosubiri walaji kiwe na joto linalozidi nyuzi 60, na kinachopashwa kipate moto mpaka ndani kabisa, nyuzi 70 au zaidi. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumwa. Lakini mahafali ni watu 120, na kati yao watoto na wazee, na chakula cha mahafali hupikwa alfajiri kikasubiri hotuba zote zimalizike. Fikiria kuku yule yule akisubiri mgeni rasmi aliyechelewa.

Basi twende kwenye hilo neno lililokubana. Unaogopa atakuuliza kwa nini siku ile ulisema ni kizuri. Atakuuliza, ndiyo. Na unalo jibu la kweli ambalo halimdhalilishi yeyote: "Ulinikuta mbele ya mama mkwe wangu, nikashindwa." Hakuna mwanamke wa kanisani kwenu asiyeelewa sentensi hiyo. Umeandika pia kwamba ataona unamkandamiza kwa kuwa ni mjane. Hapo ningependa tutulie kidogo. Je, ni yeye atakayeona hivyo, au ni wewe unayemwona kwanza kama mjane na baadaye kama mfanyabiashara? Wakati mwingine huruma yetu humnyima mtu kitu ambacho tungempa mwingine bila kusita. Kama mwenye mgahawa angekuwa mwanamume mwenye magari mawili, ungekwisha mwambia kuhusu kuku tangu siku ile ile. Wakati huo huo, hofu yako haikutoka hewani: kuna watu ambao ukiwagusa biashara yao umewagusa watoto wao, na anaweza kukasirika, akaacha kukusalimia kwa mwezi mzima, na maneno yakafika kikobani kabla yako. Hilo siwezi kukuahidi kwamba halitatokea.

Ukiona unataka kuzungumza naye, mahali na saa vitafanya kazi kubwa kuliko maneno. Usiende saa sita mchana akiwa na wateja, wala usimwite pembeni Jumapili baada ya ibada watu wakiangalia. Mtu wa mgahawa huwa na pumzi baada ya saa kumi, vyombo vikishaoshwa. Pengine umwendee nyumbani kwake na kilo ya mchele ule wa mama mkwe, mkaupika wote wawili, maana ukiwa na kile kilichozua jambo mkononi huhitaji maelezo marefu. Ningeanza na kuku, kwa kuwa hilo lina sababu nje ya matakwa yako, kisha ningeuliza badala ya kutangaza: maharage unayaloweka saa ngapi siku hizi, gesi inakuchukua siku ngapi, nani anakusaidia jikoni. Inawezekana ataanza yeye mwenyewe kukueleza yaliyomzidi. Inawezekana pia atajibu kwa mkato na utarudi nyumbani na kilo yako ya mchele.

Njia nyingine ni kurudi kula. Nenda siku ya kazi, peke yako, bila kumwarifu, agiza kuku na maharage, ulipe bei iliyoandikwa. Halafu nenda tena wiki nyingine. Utajua kama Jumamosi ile ilikuwa ajali au ndiyo hali ya sasa, na ukija kuzungumza naye utakuwa unazungumzia kitu unachokijua. Tatizo la njia hii ni muda, kwa sababu kamati inakaa katikati ya mwezi wa saba, na tena ni rahisi mtu kurudi kula mara nne au tano akijidanganya kwamba bado anachunguza.

Kuna pia ile uliyoiandika kwa aibu, ya kuacha kupita mbele ya mgahawa. Sikucheki. Watu wengi huichagua, na huwa inatuliza kwa wiki mbili tatu. Lakini mnakutana kanisani, mnakutana kikobani, na watoto wenu wanapita barabara moja. Huo uchochoro wa kumkwepa utaufanya mrefu kiasi gani?

Sasa kamati. Mwanangu, hapa nitakuwa wazi kidogo kuliko nilivyokuwa kwingine, kwa sababu nadhani kuna kitu hukukiona. Umeniandikia kana kwamba swali ni kama utamtetea au hutamtetea. Wewe ni mdhamini wake. Akipata kazi hiyo, deni linalipwa na hisa zako zinapona. Akiikosa, hisa zako ziko hatarini. Maana yake una maslahi katika uamuzi wa kamati ambayo wewe ni katibu wake, na fedha zinazotumika ni za wazazi. Hata kama Mama J. angekuwa mpishi bora kuliko wote Mbeya, mtu akija kugundua baadaye kwamba katibu alikuwa mdhamini, heshima yako kama mwalimu itaguswa, na yake pia. Ukiieleza kamati mapema kwamba huyu ni jirani yako, mko kikoba kimoja, umemdhamini, na kwa hiyo hutashiriki kumchagua wala kumkataa, huenda ukagundua kwamba mzigo wa kumpigia debe umeondoka mabegani bila kumkana mtu. Na kwake unaweza kusema neno la kweli: "Mama J., nilishakudhamini, kwa hiyo siruhusiwi kuwa mdomo wako kamatini. Andika bei zako ulete mwenyewe." Kamati inaweza kuwaomba wapishi wote walioomba kazi wapike sahani chache za kuonja kabla ya kuamua. Hapo wali utajieleza wenyewe.

Lakini njia hii nayo ina mlango wa nyuma, na itakuwa si haki nisikuonyeshe. Inaweza kuwa namna ya heshima ya kukimbia. Kama unajua habari ya kuku na ukajitoa kamatini bila kumwambia Mama J., ataleta sahani za kuonja alizozipika kwa uangalifu wa siku moja, atapewa kazi, na siku ya mahafali utakaa mezani ukiwa wewe peke yako unayejua cha kuogopa. Kujitoa kunakutua mzigo wa upendeleo. Sioni kama kunakutua na huo mwingine.

Kuhusu deni nitasema machache. Omba kuisoma katiba ya kikoba chenu sehemu ya wadhamini kabla hujaogopa zaidi. Vikundi hutofautiana: vingine hushikilia hisa za mdhamini mpaka mkopo uishe, vingine huanza na hisa za mkopaji mwenyewe, vingine hukubali kumwongezea mkopaji muda akieleza mapema. Kumbuka kwamba mko wadhamini wawili. Sijasikia ukimtaja mwenzako katika barua nzima, na sijui kama naye anapoteza usingizi au hata anajua kuhusu zile siku kumi na moja. Mgahawa ukiendelea kupika hivi, kazi moja ya mahafali haitauokoa kwa muda mrefu. Ukirudi kupika kama zamani, huenda deni likalipika hata bila mahafali. Kwa hesabu hiyo, aliye na sababu kubwa kuliko wote mtaani ya kumwambia Mama J. ukweli ni wewe, na aliye na sababu kubwa ya kuogopa pia ni wewe, ndiyo maana siwezi kukuchagulia.

Mume wako usimsahau. Ulimwambia mlikula vizuri, naye amekuambia mama yake hakutaja chakula. Nadhani anauliza kitu kwa upole, kama wanaume wetu wanavyouliza. Atakaporudi kutoka Tunduma, msimulie kama ulivyonisimulia mimi, pamoja na bajaji na kiroba. Yeye amemjua mama yake muda mrefu kuliko sisi wote wawili.

Niandikie tena baada ya kamati kukaa, vyovyote itakavyokuwa. Na kama siku moja mama mkwe atakuambia alinusa nini katika zile punje alizozibonyeza, tafadhali usiache kuniambia, maana nami tangu juzi nimekaa nikijiuliza.